Magazeti Manne, Shahidi Mmoja

Dar es Salaam,
Jumapili, baada ya misa

Kaka yangu Kasiani,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeshateremka ziwani kutoka Mbuji, na mgongo umepungua kuuma. Mama anaendeleaje na ile miguu yake? Bado anang'ang'ania kupalilia mihogo mwenyewe? Mimi ni mzima, ila joto la huku linanichosha, na hasira zinanichosha zaidi. Barua yako aliniletea yule sista wa parokia aliyekuja kutibiwa macho. Nimeisoma mara tatu, na mara ya pili nusura niichane.

Umeniandikia kwamba nimewauza. Unasema nimekaa na wakubwa nikasahau nilikozaliwa. Unasema Mama amelia. Na kwamba diwani amewaambia ofisi yetu ya usalama ndiyo itakayoamua kama mitumbwi itazuiwa kutoka, kwa hiyo mdogo wako angeandika neno moja tu, "ni nkungu", wale wadudu wetu wa ziwani, mambo yangekwisha. Badala yake nikakuletea barua ya mstari mmoja kuuliza nani aliuona huo moshi wa magazetini. Ndiyo, niliuliza. Na leo nauliza tena, kaka, usinikatize.

Kazi yangu unaijua kwa kusikia tu, maana kila nikija likizo unaniuliza bastola iko wapi. Sina bastola. Nina mkasi, gundi na kadi. Chumba chetu ofisini kinasoma yale ambayo hata wewe unaweza kuyasoma: magazeti, na redio za jirani tunazoziandika neno kwa neno. Zamani magazeti yalikuwa mawili matatu, tunayamaliza kabla ya chai. Tangu ruhusa ya magazeti ya watu binafsi itolewe, kila mwenye mtambo wa kuchapa ana gazeti lake, na kila gazeti lina habari ya kutisha. Wenzangu walikuwa wanahesabu tu: yakisema magazeti matatu, basi ni kweli. Mimi nikakataa. Nikaanza kuiandikia kila habari kadi yake: nani kaandika, nani kaona kwa macho yake, alisimama wapi, na wengine wote wameambiwa na nani. Wakanicheka, wakaniita Mama Kadi. Wacheke tu.

Sasa ikaja hiyo habari yenu. Gazeti la kwanza: moshi mkubwa umeonekana ziwani upande wa Mbinga. La pili, siku mbili baadaye: mitumbwi imechomwa moto. La tatu: mitumbwi imechomwa na watu wenye silaha waliovuka maji, na risasi zimesikika. Redio ya ng'ambo ikasoma hilo la tatu. Gazeti la nne nalo likaandika kwamba hata redio ya ng'ambo imethibitisha! Nilicheka peke yangu kama mwehu. Nikazipanga kadi sakafuni kwa tarehe, nikavua viatu, nikawapigia simu waandishi mmoja mmoja. Wawili walinitukana. Mmoja akasema, "Dada, sisi tuliiona kwa wenzetu tukaiongezea nguvu kidogo." Kidogo! Hizo risasi ndizo kidogo.

Mwisho wa yote nikamfikia mtu mmoja. Ni mnunuzi wa kahawa, hawa wapya waliokuja baada ya ushirika kubanwa. Alitoka Mbinga kuteremka ziwani kutafuta mchele, gari likawaharibikia mlimani, na akiwa pale juu akaona kitu cheusi kimesimama juu ya maji kama moshi. Ziwa lenyewe hakulifikia. Gari lilipotengenezwa wakageuza. Jioni akamsimulia mwandishi hotelini, wanakula. Ndiyo hivyo tu, kaka. Magazeti manne na redio, na nyuma yao mtu mmoja aliyesimama mbali.

Mkuu wetu akaniita. Ripoti ilikuwa imeshachapwa, inasubiri sahihi yangu: watu wenye silaha wameingia, mitumbwi yote izuiwe kutoka mpaka askari wafike.

"Bibi Gaudensia, una magazeti manne na redio. Unataka mashahidi wangapi?"

"Mmoja aliyeona mitumbwi ikiungua, mzee. Sina hata huyo."

"Na moshi?"

"Moshi kauona mtu wa mlimani. Mitumbwi wameiweka waandishi."

Akavua miwani. Akaniambia, taratibu kabisa, "Wewe si mtu wa huko? Haya, niandikie basi ni nini. Ukiniandikia, naichana hii sasa hivi."

Kaka, hapo ndipo ungetamani uwe mimi. Mdomo ulishafunguka. Mimi na wewe tumekulia ufukweni pale, tumewaona nkungu wakiinuka ziwani kama moshi, wadudu wadogo wasiohesabika, mpaka upande wa pili wa maji hauonekani. Tumewachota kwa vikapu, Mama akatukandia, tukala. Moyoni najua ni nkungu kama ninavyolijua jina langu. Lakini siku ile mimi nilikuwa huku Dar es Salaam nimekaa kwenye kiti. Sikuona. Nikiandika nkungu kwa sababu ni kwetu, nina tofauti gani na yule aliyeongeza risasi? Na kesho ikija habari ya watu wa kwingine, ambao hawana dada ofisini, nitawaambia nini?

Nikamwambia, "Sijui ni nini, mzee. Nitaandika kwamba hatujui, na kwamba apelekwe mtu akaangalie." Akasema nina kiburi. Nikasema sawa. Nikaandika: shahidi mmoja, alikuwa mbali, ziwani hakufika, hakuna aliyeona moto. Nikatia sahihi hiyo, ile yake nikaiacha mezani kama ilivyo. Kesho yake wakaninyang'anya ufunguo wa kabati la kadi, wakanihamishia stoo kuhesabu magunia ya karatasi kuukuu. Potelea mbali! Ile ripoti yao hakuna mwingine aliyethubutu kuisaini, na yangu ndiyo iliyopanda juu.

Kwa hiyo mitumbwi yenu haijazuiwa, na wewe unaniita msaliti. Ahsante sana.

Sasa nisikilize, maana anakuja mtu. Atapita Mbinga, atateremka kwenu. Msimfundishe la kusema. Msimpangie wazee wa kumsimulia. Diwani asimwandalie hotuba. Mwacheni azunguke, ahesabu mitumbwi, aulize. Na wewe, kaka yangu, kaa kimya kabisa, kwa sababu siku ya huo moshi ulikuwa Mbuji kwa wakwe zako unachuma kahawa. Umeniandikia mwenyewe! Kurasa tatu za matusi kuhusu kitu ambacho hukukiona.

Nilipoisoma mara ya tatu ndipo nikauona mstari ulioupitia haraka: kwamba Hilda alikuwa ufukweni anaanika dagaa wa usipa mchana ule, "lakini mwanamke ataulizwa nini". Loo, Kasiani! Mimi nimepekua nchi nzima, nimetukanwa kwenye simu, nimepelekwa stoo, natafuta mtu mmoja aliyekuwa pale, kumbe yuko jikoni kwako na hakuna aliyemuuliza. Hata wewe, mumewe. Hilo ndilo limeniliza mimi, si matusi yako.

Mwambie Mama sijawauza, na kwamba nitakuja kabla ya mvua, niwe na kazi nisiwe nayo. Nisalimie baba mdogo fundi mitumbwi, shangazi wa Namswea na watoto wake wote, na katekista wetu, nimeombea kifua chake. Mwenyewe upoze hasira, kisha unijibu kama mkubwa wangu.

Na wifi yangu Hilda msalimie peke yake. Huyo mgeni akifika, mpeleke kwake, na wewe utoke nje. Aseme alichokiona, si unachokitaka wewe wala ninachokitaka mimi. Akisema nkungu, nitaandika nkungu, hata nikiwa stoo. Akisema aliona moto, nitaandika moto, kwa jina langu na la baba yetu, hata kama mitumbwi itafungwa na hutanisemesha tena maishani.

Ni mimi mdogo wako,
Gaudensia