Shemasi wa Televisheni Amenihamia Bulla Pesa

Bulla Pesa, Isiolo

Mama Wambui wangu,

Nakusalimu, na kama mama yuko karibu msalimie kabla hujaendelea kusoma, maana akisikia nimeandika hataacha kuuliza. Goti lake linaendeleaje? Na mvua imewafikia? Huku ni vumbi tu. Nikipiga chafya ofisini, faili zinabadilika rangi. Afya ninayo. Amani ndiyo imenitoroka, na aliyeichukua ni televisheni.

Mzee Farah, mwenye ploti, yule wa malori, ameinunua na kuisimamishia mlingoti ambao hata tai anaukwepa. Jumamosi jioni wapangaji wote tunakaa kwenye mikeka yake kutazama kichekesho cha mtu anayeitwa Shemasi Mnyoofu. Kila wiki ni yeye. Anaingia nyumba za watu bila kubisha, ananusa vikombe, anainama chini ya vitanda kutafuta dhambi, halafu anakohoa mara mbili na kusema, "Sisemi mtu, lakini..."

Sasa wewe unakijua kikohozi changu. Siku ya kwanza alipokohoa, mkeka mzima uligeuka kuniangalia.

"Wallahi, karani," Mzee Farah akasema akijifuta machozi, "una mshahara wa pili na hukutuambia?"

Tangu hapo sina jina. Watoto wa ploti wananisindikiza mpaka chooni wakikohoa. Nilikasirika, nikawaandikia wenye kituo cha televisheni barua kali, nikampa mpiga chapa wa ofisi. Alisoma mistari miwili akalala juu ya mashine kwa kicheko. Kumbe wiki iliyotangulia, nilipokuwa kazini Ngaremara, Shemasi naye alikuwa ameandika barua ya malalamiko, karibu maneno yale yale.

Hayo ningeyameza. Lakini kuna Kathure, jirani yangu wa ukuta mmoja, anayeuza chai pale malori yanaposimama. Ana mtoto wa miezi mitano na hana mume. Mchungaji hutoka Meru kuja kubatiza mara moja tu kwa miezi mitatu, na Kathure aliomba mtoto abatizwe safari hii. Mimi ndiye niliyesimama kwenye baraza la wazee wa kanisa nikasema hapana, mama akae kwanza benchi la nyuma miezi mitatu, kama sheria inavyosema. Sheria yenyewe niliiandika mimi.

Jumamosi iliyofuata, Shemasi alisimama mlangoni mwa kanisa na rula, akimpima mwanamke urefu wa sketi. Watu wakaanguka kwa kicheko, isipokuwa Kathure. Alimfunga mtoto mgongoni, akasema polepole, "Huyo ni afadhali. Akimaliza, anazimwa."

Sikuthubutu hata kukohoa.

Nikarudi kwa wazee kuomba sheria ilegezwe. Unafikiri walinishukuru? "Mzee, sheria ni yako," wakanijibu, "na ulituapisha tusiiguse." Nilibishana nao saa nzima, nikipigwa kwa hoja zangu mwenyewe. Mwishowe mwenyekiti, kwa kunichoka tu, akasema njia ya kumwondolea ile miezi mitatu ni moja: mzee wa kanisa akae naye benchi la nyuma, amdhamini mbele ya watu wote.

Basi Jumapili nilikaa naye benchi la nyuma, pale mlangoni, na suti yangu ya harusi, mbuzi wakichungulia. Mchungaji alipouliza nani anasimama na mtoto huyu, nilisimama. Kanisa zima likacheka, kwaya ikiongoza. Mchungaji, ambaye hana televisheni, akauliza kuna nini. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumweleza. Mtoto alibatizwa mikononi mwangu, na suti nayo ikalowa, lakini si kwa maji ya ubatizo.

Asubuhi ile Kathure alikuwa ameniuliza jina la mke wangu. Kwa hiyo sasa nina Esther wawili: mmoja ananinyima usingizi kwa kulia, mwingine kwa kutojibu barua.

Nisalimie kaka yako fundi, umwambie paa la jikoni bado namngojea. Wambui asome, aache kumsumbua bibi yake. Mwalimu jirani mpe salamu, hata kama hajarudisha jembe. Kathure naye anakusalimu sana. Anasema shule zikifungwa uje uone jina lako linavyonenepa.

Ni mimi, ninayekukumbuka hata ukininunia,

Baba Wambui