Trela Yetu Ilivyopanda Likoni

Jumamosi, ufuko wa Tiwi. Mawingu mepesi, upepo wa kutosha kukausha taulo. Moyo umetulia, alhamdulillahi.

Tumefika. Mimi, mume wangu Baba Zuhura, na trela yetu ya kulala, ile tuliyoinunua kuukuu na kuipaka rangi pale nyumbani Buxton, Mombasa, yeye alipokuwa akipona opresheni ya moyo.

Wiki nzima tumezozana. Yeye alitaka kuikokota kwa gari lake dogo, analolipenda kama mtoto wa pili.

"Trela nyepesi hii, Mama Zuhura. Wewe mwenyewe uliisukuma kwa mkono."

Kweli niliisukuma, ikiwa tupu. Mimi nilikuwa nawaza magodoro, mtungi wa gesi, madebe ya maji na sufuria zangu.

Nikamwomba tuipakie kila kitu, tukaipime. Juzi tukaikokota polepole hadi yadi moja ya Shimanzi yenye mizani ya malori. Uzito ulikaribia mara mbili ya ule unaoruhusiwa na kitabu cha gari lake.

Yeye mwenyewe ndiye aliyesema: "Gari langu halitaiweza."

Ilinichoma. Mwanamume aliyekatazwa kubeba hata ndoo, sasa na gari lake pia limekatazwa.

Akaenda mwenyewe kwa kakake, Mji wa Kale, kuazima pikapu ya dizeli. Tukasoma kitabu cha pikapu hiyo pamoja. Nguvu zake zilitosha na kubaki.

Leo asubuhi tulipovuka Likoni maji yalikuwa yamekupwa, na njia ya kutokea kwenye feri ilikuwa mwinuko mtupu. Tukiwa katikati ya kupanda, tuktuk iliyo mbele yetu ikazimika. Tukasimama. Nyuma yetu kulikuwa na mkokoteni wa ndizi, na mwanamke mwenye mtoto mgongoni.

Nilisoma kila dua niijuayo. Pikapu haikurudi nyuma hata shubiri. Tuktuk ilipoondoka, pikapu ikaivuta trela taratibu mpaka juu.

Lile gari dogo lingeturudisha juu ya watu.

Baba Zuhura akaegesha kando, akafuta jasho. "Allah akulipe kheri, mke wangu."

Nililia tu.

Sasa ameketi kwenye ngazi ya trela, anamenya chungwa. Hivi punde ameniuliza, bila hata kunitazama: "Mwakani twende wapi?"

Tangu opresheni sijamsikia akitaja mwakani.

Popote, mume wangu. Ngoja niache kuandika, niweke simu chini, nikakae naye.