Pelagia na mchumba wake kliniki ya Kasulu

Loyce, acha jembe usome hii!

Pelagia kaenda kutibiwa Kasulu, maana hapa Kibondo kila mtu anamjua. Kajifunika kitenge mpaka puani!

Daktari kamkuta na bakteria wa zinaa. Eti wengi hawajawahi hata kumsikia, ila wagonjwa wa pale wanaye kibao. Anatibika, lakini mchumba naye aje.

Mchumba mwenyewe Fidele! Pelagia kaapa bora afe kuliko kumwambia.

Kufungua mlango, nani kakaa kwenye benchi? Fidele!

"Nimemsindikiza mgonjwa," anasema.

"Mgonjwa gani?"

Fidele kajifanya anasoma bango ukutani.

Daktari kachungulia, kafurahi: "Hongera kijana! Wiki iliyopita nilikwambia umlete mchumba, kumbe umemleta."

Loyce, aibu ikamtoka Pelagia palepale.

"Wiki iliyopita, Fidele?!"

Benchi zima likageuka.