Noeli Tuliyoisoma Bunia

Mama yangu mupenzi,

Wavukire, mama. Uliamkaje? Magoti inakuumiza tena mu baridi ya Butembo, ao ile dawa ya majani ilisaidia? Shamba ya maharagi nyuma ya nyumba ilitoa kitu? Na muke ya Katembo, alisha kuzala? Ninauliza mambo mingi kwa mara moja, juu ya vile tangu kamyo za mizigo ziliacha kupita ku barabara ya Komanda, hakuna mutu anatuletea habari ya kwetu. Hii barua ninaipatia Baba Paluku, ule anauzaka vitenge ku soko. Alipata nafasi mu ndege. Katembo akusomee polepole, na akifika fasi ya huzuni asiruke. Ninamujua.

Siye huku tuko. Siseme tuko vizuri, mama, nikudanganye juu ya nini? Tuko.

Masomo yangu, ile shule ninafundisha, ilifungwa. Direkteri alishuka Kasenyi na bibi yake na watoto, wakavuka ziwa kwenda Uganda, na walimu wengine kila mutu alitafuta njia yake. Mu kalasi zote mulijaa watu waliokimbia vijiji vya Djugu. Wanalala chini, madawati tulisha kuyachoma kuni. Miye ninalala mu chumba kidogo pembeni ya biro ya direkteri, fasi walikuwa wanaweka chaki. Sifundishe mutu. Ninapanga foleni ya maji, ninatafutia wagonjwa dawa, na kila mara dawa hakuna.

Unakumbuka kitabu ya Baba, ile ya hadithi za Noeli? Ile padri mumoja wa kizungu alimuachia wakati alirudi kwao. Kila Desemba Baba alikuwa anatusomea karibu na moto, anasoma mu Kifaransa kidogo, kisha anageuza mu Kinande kwa ajili yako, na weye unamukatiza: «Na ule mwanamuke, watoto wake walikula?» Miye njo niliichukua wakati nilikuja kufundisha huku. Tangu Baba alikufa sikupitisha Desemba hata moja bila kuisoma.

Sasa mwezi huu, muchana mumoja, nilikaa ku baraza nikaifungua. Haikuwa kwa kusaidia mutu, mama. Nilikuwa nataka tu kufurahi kidogo, nisikilize tena maneno ya watu wanaopendana mu nyumba yenye joto. Nilikuwa nasoma kwa sauti ya chini. Mwanamuke mumoja aliyekuwa anachagua mboga karibu yangu akaniuliza: «Mwalimu, unasali?» Nikamuambia hapana, ni hadithi tu za Noeli. Akasema: «Basi usizikule peke yako.»

Jina lake Rozalia. Ni mutu wa Fataki, mujane, mikono mikubwa ya kulima, na sauti ya chini sawa vile ya mwanaume. Nikaanza kugeuza mu Kiswahili kwa ajili yake. Kesho yake walikuwa watu kumi, keshokutwa baraza ilijaa mupaka ku ngazi.

Mama, ungelikuwa hapa ungelicheka. Hadithi ya kwanza ilikuwa ya mupika mukate mwenye alibaki na mukate mumoja tu usiku wa Noeli, na theluji ilikuwa inaanguka. Muzee Ngabu, seremala, akainua mukono: theluji ni kitu gani? Nikamuambia ni ile nyeupe tunaonaka ku kilele cha Ruwenzori siku mbingu iko safi. Akakataa. «Ile ni mawe, mwalimu. Mawe haianguke juu ya nyumba za watu halafu wakaimba.» Walibishana mupaka hadithi ikangojea. Na wakati nilifika fasi ya chakula, bata yenye mafuta, mikate ya zabibu, maziwa ya moto, wote walisogea karibu. Kisha mutu mumoja akasema nyuma: «Mwalimu, rudia pale.» Nikarudia. Walikuwa wamekula muhogo mukavu tu tangu asubuhi. Niliirudia ile ukurasa mara mingi, na hakuna mutu alikasirika. Walikuwa wanafunga macho.

Siku moja masasi ya bunduki yalianza muchana, upande wa soko. Tulianguka wote chini ku sakafu ya sima, wamama juu ya watoto wao. Ilipita wakati murefu. Miye nilikuwa na kitabu chini ya tumbo. Hapo nikasikia Muzee Ngabu, uso wake ku vumbi, ananiuliza polepole: «Na ule mupika mukate, alifungua mulango?» Nikamujibu: «Ngojea, muzee.» Akasema: «Tungojee nini? Kama tunakufa, tukufe tukijua.» Basi nilisoma nikilala. Alifungua mulango, mama, na mutu aliyekuwa inje ku baridi alikuwa ndugu yake waliyeachana naye kwa ugomvi. Nilisikia watu wanacheka chini pale, kicheko cha ndani ya pua, na masasi bado inalia.

Lakini nilitaka kukuambia habari ya Mama Rozalia.

Wakati walikimbia Fataki alikuwa na binti yake, Furaha, musichana wa kutosha kuolewa, mutoto wake mumoja tu. Ku njia wenye silaha walipiga watu. Kila mutu akaingia mu majani. Rozalia alipotoka mu majani, Furaha hakutoka. Alirudi kuita mupaka sauti ikaisha, kisha watu walimuvuta kwa nguvu mupaka Bunia. Tangu siku ile hakuna aliyeona musichana, muzima ao maiti.

Kila hadithi niliyomaliza, Rozalia alikuwa na ulizo moja tu. «Ule aliyepotea, alirudi?» Na kila mara nilimujibu ndiyo, juu mu kitabu ile wote wanarudiaka. Uso wake ulikuwa unafunguka. Alianza kuoga mapema, kufunga kitambaa kizuri, kukaa mbele. Wamama wenzake walisema sasa anakula, sasa analala. Miye nilifurahi, mama. Nilisema moyoni, hii kazi ndogo njo Mungu alinipatia.

Hadithi ya mwisho ni ile weye ulikuwa unaliaka: mama mwenye mutoto wake alienda kufanya kazi ku mashua kubwa, miaka inapita bila habari, na mama anawasha taa ku dirisha kila usiku, mupaka usiku wa Noeli kijana anafika. Nilipofunga kitabu, Rozalia hakuuliza ulizo yake ya siku zote.

«Alijuaje nyumba, mwalimu?»

«Nyumba ilibaki fasi yake,» nikamujibu. «Na mama yake alikuwa ndani.»

Akaitikia na kichwa, mara mingi. «Njo hivyo. Mutu anarudiaka kwao. Harudie ku masomo ya watu. Furaha atajuaje kama niko hapa?»

Siku iliyofuata nilimukuta asubuhi anafunga mufuko wake. Nikapiga magoti mbele yake. Nikamuambia: «Mama Rozalia, ile hadithi mutu aliiandika tu. Alikaa ku meza akatafuta namna ya kufurahisha watu.»

Hakukasirika. Alinishika shavu sawa vile weye unanishikaka. «Ninajua, mwalimu. Unafikiri nilipoteza akili? Lakini ule aliyeandika alijua moyo wa mutoto. Ku Noeli tulikuwa tunachinja kuku, miye na Furaha, hata mwaka wa njaa. Kama iko muzima, siku ile atatafuta kwetu. Nisipokuwa pale atawaza nilikufa.»

Muzee Ngabu akasimama mu njia. «Kule hakuna tena kwenu, mama. Walichoma.»

«Kiwanja hawakuchoma,» akasema.

Nilimufuata mupaka barriere ya mwisho, fasi vijana wenye bunduki wanafungaka njia na kamba. Nilikuwa nawaza watamurudisha, na nilikuwa nasali wamurudishe. Kijana mumoja aliangalia ndani ya mufuko wake, akakuta muhogo na kitambaa tu. Akashusha kamba. Rozalia alimuambia aksanti, akapita. Alikuwa anatembea haraka, mama, sawa mutu anayechelewa misa.

Noeli ilifika. Tulisali asubuhi mu uwanja, juu kutoka mangaribi hakuna anayetoka inje. Tulikula sombe, majani ya muhogo, bila mafuta, bila chumvi. Watu wakaniambia nilete kitabu, nikakataa. Mwanamuke mumoja akasema mbele ya wote: «Njo kile kitabu kilimutoa Rozalia hapa.» Muzee Ngabu njo alimujibu: «Kama si kitabu ingelikuwa ndoto, ao kuku aliyewika. Yule mama alikuwa anatafuta njia tu. Soma, mwalimu. Leo ni leo.» Nikasoma ile ya mupika mukate. Walicheka pale pa mawe inayoanguka juu ya nyumba. Miye sauti ilikuwa inasoma, moyo ilikuwa ku barabara ya Fataki.

Kesho ya Noeli, muchana, nilikuwa nasugua sufuria karibu na mulango mukubwa. Wamama wauzaji wa samaki waliingia, wale wanapandaka kilima na miguu kutoka Kasenyi. Nyuma yao kulikuwa musichana mwembamba, mikono imekauka na moshi. Akanisalimia. Mama, ilikuwa ile sauti ya chini ya Rozalia.

«Samahani, mama. Waliniambia watu wa Fataki wako hapa. Ninatafuta mama yangu, Rozalia. Miye ni Furaha.»

Sufuria ilibaki mu mikono yangu. Watu wakatoka mu kalasi, mumoja mumoja, wakasimama. Wengine waligeuza uso. Akatuangalia wote, kisha akauliza, bila kulia: «Alikufa?»

«Hapana,» nikasema. «Alikuwa hapa. Alienda kukutafuta.»

«Wapi?»

«Kwenu.»

Alikaa chini pale pale ku mavumbi. Kumbe siku ile ya masasi ku njia ya Fataki alikimbia na watu wengine mupaka ziwa, akavuka kwa mutumbwi, akakaanga samaki ya watu ngʼambo kule ili akule. Hakuna aliyemupa habari ya mama yake mupaka muuzaji mumoja wa samaki alimuambia habari ya masomo yetu. Alianza safari palepale.

Akasimama, akasema anaenda Fataki sasa. Muzee Ngabu akafunga mulango mukubwa, akaupa mugongo. Furaha alimupiga ku kifua, alimuuma mukono, muzee hakutoka. Tulikuwa bado pale wakati watu walianza kufika kutoka barabara ile, mbio, wengine na damu. Vita ilikuwa imerudi kule. Kati yao mwanaume anayesukuma kinga, baisikeli yake, mutoto wake amefungwa nyuma ku porte-bagage. Tukamuuliza kama aliona mama muzee peke yake.

«Niliona mumoja,» akasema. «Asubuhi ya Noeli, alikuwa anafagia kiwanja ya nyumba isiyo na mabati. Nilimupigia kelele: mama, twende! Akaniambia: ninangojea mutoto wangu, wewe endelea. Nikaendelea.» Kisha akaangalia chini. «Nyuma yangu moshi ilipanda. Sikugeuka. Nilikuwa na huyu wangu.»

Hatujui kingine. Kila anayefika tunamuuliza, na kila mutu aliona yake. Siku zinapita.

Furaha analala na miye mu chumba ya chaki. Halie. Alikuta kitenge mama yake aliacha ku kamba ya kuanika nguo, akakifua, akakikunja, akakifua tena. Jana aliniuliza ni maneno gani mama yake alikuwa anasikiliza hapa ku baraza. Niliogopa, mama, lakini sikuwa na haki ya kumuficha. Nikamusomea ile ya mama mwenye taa, yote, mupaka mwisho. Alisikiliza mikono ku magoti. Nilipomaliza akasema: «Ni nzuri.» Akachukua bido, akaenda kuteka maji.

Mu barua yako ya mwisho, mbele kamyo ziache kupita, uliniambia nirudi nyumbani. Nilimuomba Baba Paluku amupeleke Furaha kwako ndani ya nafasi yangu, nikiwaza utamupokea kama mutoto wako. Amekataa kutoka Bunia. Miye nami siwezi kumuacha ku mulango ule peke yake. Basi, mama, usinitayarishie kitanda. Na usiniambie mambo itakuwa vizuri, nakuomba. Kila mutu anatuambia hivyo huku, na tumechoka kuitikia. Sali tu, hata bila maneno.

Unisalimie Katembo mudogo wangu, asimamie paa ya jikoni mbele mvua haijaongezeka. Salamu kwa muke wake. Kama mutoto ni musichana, musimuite jina langu. Salamu kwa shangazi anayeuza mukaa, kwa baba mudogo katekista, na kwa jirani yetu mwenye mbuzi, hata kama mbuzi wake bado wanakula mboga zako.

Miye, binti yako wa kwanza, ninakuandikia nikiwa muzima na mwili usio na kidonda. Hii barua ikikufikia, ujue hiyo tu: siku niliyoiandika nilikuwa muzima.

Masika wako