Baridi Inadanganya Kipimo, Nawe Umenyamaza

Iyolwa, Tororo,
14 Januari 2025.

Mpendwa mwanangu Phillip,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani huko Kanada kwenye barafu? Kile kifua kilichokuwa kikikusumbua kimepona? Sisi wazima, ila jua la mwezi huu linatukaanga, na vumbi la barabara ya Busia tunalila kila siku ya soko. Mguu wa mama yako umepata nafuu. Mkeo Joanita na mtoto hawajambo.

Naandika barua kwa sababu simu umeigeuza kichaka cha kujifichia. Nikianza kugomba unacheka, unasingizia mtandao, unakata. Hii utaisoma mpaka mwisho.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza tena na tena mpaka nikaelewa. Kwamba kipimo cha urefu ndani ya ndege husoma mgandamizo wa hewa, na hewa ikipoa sana hujibana, basi mshale unasema mko juu kuliko mlipo. Mimi shangazi yako, muuza mahindi, jambo hilo halinishindi. Ni kama gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka sokoni, iliyobonyezwa kitako: macho yanaona imejaa, ukimwaga nyumbani unakuta nafaka imepungua. Tofauti ni kwamba mteja akipunjwa hunywa uji mwepesi, ninyi mkipunjwa mnakutana na mlima.

Sasa kinachonichoma. Ulisema siku ile ya baridi kali kapteni wako hakuongeza zile futi za kufidia baridi kabla ya kushuka kati ya milima. Wewe, rubani msaidizi wake, ulikuwa umeshapiga hesabu, zaidi ya futi mia tano, unazo mdomoni. Ukanyamaza. Mpaka mashine ikapiga kelele kwamba ardhi iko karibu, ndipo akaivuta ndege juu. Nawe unanisimulia huku ukicheka. Phillip, hapo pa kuchekesha ni wapi?

Nilimweleza baba yako mdogo Opendi, nikidhani atanisaidia kukasirika. Akasema, "Si mtoto nakwenda na mzungu? Mzungu najua ndege yake. Wacha kusumbua mtoto." Akarudi kwenye mrija wake wa pombe. Nilitamani kumpindulia chungu.

Najua kilichokuziba mdomo. Kapteni ana mvi. Nasi kwetu mtoto hamwambii mzee usoni kwamba amekosea. Neno hulileta kwa shangazi, na shangazi hulipeleka taratibu mpaka lifike. Ndivyo ulivyofanya. Umelibeba kosa la rubani kutoka angani Kanada ukalileta Iyolwa, kwa shangazi. Nifanye nalo nini? Nivae gauni langu la gomesi niende kumwona nani? Adabu tuliyokupa ni ya mkekani, ambapo mzee akikosea leo, kesho tunakaa tunarekebisha. Huko juu hamna kesho.

Nimekasirika kwa sababu naogopa, sikufichi. Joanita huniuliza ulisema nini, nami namdanganya kwamba ni habari za theluji tu. Ameshaanza kumfundisha mtoto jinsi ya kukupokea Pasaka. Kila nikiwaona naingia jikoni nakaa huko, na moto wenyewe sijauwasha.

Msalimie Oguttu, yule kijana wa Busia mnayeishi nyumba moja. Mama yako, mkeo na hata Opendi wanakusalimu. Mungu akushike mkono hewani na nchi kavu, na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Neno lako nalirudisha kwako humu humu baruani. Mengine yote nimewahi kukupelekea kwa wazee, hili siwezi. Ila ruhusa ni yangu kuitoa, na nimeitoa: baridi ikikaza na mzee asipoongeza, mwambie amekosea. Mwambie usoni, mngali juu.

Shangazi yako, akupendaye hata anapogomba,
Aboth.