Kikohozi Nyuma ya Kochi

Tarehe 4 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, ila macho ya mama ndiyo yameshafunga kazi kabisa; sasa hata mwanga wa dirishani hauoni. Afya nyingine anayo, na mdomo anao, wewe unamjua. Kifua chako kimepona?

Nakutumia mkanda wa video wa sherehe ya baba ya kustaafu. Mama anausikiliza karibu kila siku, lakini analalamika kwamba watu wote wamebanwa ndani ya kisanduku kimoja mbele yake. Nilipomwambia kazi yako huko ndiyo hiyo, kuchukua rekodi za zamani za stereo na kuzitawanya kwenye spika tano ili mtu ajione amekaa katikati ya watu, hakunipa raha tena. Zile spika ulizotuletea likizo iliyopita fundi amezifunga: tatu mbele, mbili nyuma ya kochi. Jumapili ya tarehe 22 Machi mama anatimiza miaka sabini na tano, na mama wadogo wote watakuja kusikiliza. Usituangushe.

Ni mimi dada yako

*

Tarehe 19 Februari

Dada,

Shikamoo, na mama mpe shikamoo yangu. Kifua kimepona. Sijambo, au tuseme nilikuwa sijambo hadi juzi.

Ngoja nikueleze kazi ilivyo, usije ukasema nimeota. Stereo ina njia mbili, kushoto na kulia. Sauti iliyo sawa pande zote mbili, kama ya baba akihutubia, naipeleka spika ya katikati. Nikishaitoa hiyo, kinachobaki ni mambo ya pembeni: viti, vijiko, watoto, minong'ono. Hayo ndiyo yanayokwenda nyuma. Juzi nilimtoa baba, na upande wa kushoto nikakusikia wewe na marehemu baba mdogo, mmesimama karibu na kamera. Baba mdogo anasema, "Daktari kampa miezi mitatu." Wewe unasema, "Mama asijue. Na mdogo wangu asijue, hatasafiri." Kisha makofi yanawafunika.

Wiki mbili baada ya hapo ulinisindikiza uwanja wa ndege. Begi ulinifungia wewe. Baba alipokufa ukanipigia simu ukasema ni ghafla, hakuna aliyejua. Miaka sita nimekuwa nikijifariji kwa hilo neno "ghafla". Nina hasira, dada, na sitaki kukuficha. Maneno yenu nimeyaweka spika ya nyuma kushoto, yanasikika safi kabisa. Niambie kwa nini nisiyaache hapo.

Mdogo wako

*

Tarehe 27 Februari

Mdogo wangu,

Hatujambo. Barua yako nimeisomea jikoni, mlango nimeufunga, maana siku hizi mama anasikia hata karatasi ikikunjuliwa.

Ni kweli. Baba mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo. Alimtuma baba mdogo aniambie siku ileile ya sherehe kwa sababu yeye alishindwa kunitazama usoni. Kwa nini alitaka iwe siri, sikumbuki niliambiwa nini. Nilisikia ile miezi mitatu, mengine yakapita. Ila wewe usijue, hilo nilijiamulia mwenyewe. Kazi ile ulikuwa umeisubiri miaka minne. Nilikukosea, na nimelijua tangu siku nilipopiga picha za kaburi ili nikutumie.

Nichukie upendavyo. Lakini mama humwambia kila mgeni kwamba mumewe hakumficha jambo hata siku moja. Hilo ndilo analojivunia. Mimi ndiye ninayemwogesha, namshika mkono kwenda msalani, namwekea vidonge kwenye kiganja na anameza bila kuuliza ni vya nini. Akijua nilimdanganya, atamezaje tena kitu kutoka mkononi mwangu? Futa maneno hayo. Nakuomba mimi mkubwa wako, nimepiga magoti.

Dada yako

*

Tarehe 9 Machi

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima.

Nimefuta. Si kwa ajili yako, ni kwa ajili ya mama. Palibaki pengo: sekunde tisa nyuma kumenyamaza kabisa huku mbele baba anaongea, kama watu wa nyuma wametolewa nje. Kwa hiyo nimekata sekunde tisa za makofi na minong'ono kutoka mwanzoni mwa sherehe, kabla ya hotuba, nikazibia. Nimekisikiliza hicho kiraka mara ishirini na hakijulikani. Diski nimeituma leo.

Kwa sasa usiniandikie.

Mdogo wako

*

Tarehe 24 Machi, kwa simu, barua itachelewa

Mdogo wangu,

Najua ulisema nisikuandikie. Sina salamu za maana za kukupa.

Jumapili tulimkalisha mama katikati ya kochi. Mama wadogo watatu, majirani, sebule imejaa. Mwanzoni alikuwa anageuza kichwa huku na huku akicheka, anatuonyesha kwa kidole: yule pale shangazi yenu, wale wanaoburuta viti ni walimu wenzake baba yenu. Baba akaanza hotuba, mama akatulia. Mara akainua mkono, akasema zima.

"Mume wangu anahutubia pale mbele," akasema. "Mbona amekohoa huku nyuma yangu?"

Kiraka chako kina kikohozi cha baba, mdogo wangu, alipokuwa bado amekaa karibu na kamera. Wewe ulisikiliza mara ishirini kama fundi. Yeye alilala kando ya kikohozi hicho miaka arobaini.

Akauliza tulichokifunika hapo ni nini. Mama mdogo mmoja akajaribu kucheka, hakuna aliyemuunga mkono. Nikawaomba wageni watupishe, nikamweleza yote.

Hakulia. Alisema, "Miezi ile mitatu nilimgombeza kila siku. Nilimwita mvivu kwa sababu hakutengeneza bawaba ya geti. Siku aliyokufa nilimwambia anajisingizia ugonjwa. Na wewe ulikuwa jikoni unasikia."

Tangu hapo hanisemeshi. Dawa nikimpa anazitema. Leo ni siku ya pili, na daktari amesema za presha haziwezi kusubiri. Naogopa sana.

Dada yako

*

Tarehe 25 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimepata ujumbe wako, nikaacha kazi za watu zote mezani.

Mkanda wenyewe ninao, fundi hafuti rekodi ya asili. Yale makofi yaliyowafunika sikuwa nimeyagusa, kwa sababu nilikuwa nimeshasikia cha kukasirikia, kikanitosha. Leo nimeyapunguza moja moja, saa sita nzima. Chini yake baba mdogo bado anaongea. Sauti ina mikwaruzo lakini maneno ni yake: "Kaka anasema mkewe akijua ataacha kumgombeza. Anasema nyumba ikianza kumsemesha polepole, atajiona amekwisha kufa. Anataka agombezwe kama kawaida mpaka mwisho." Nawe unajibu "haya," unalia.

Nimeyarudisha nyuma kushoto, mliposimama, bila kiraka. Faili ni hili hapa. Mwekee mama asikilize, hata akikataa. Mwambie aliyekata ni mimi.

Langu mimi na wewe halijaisha. Nakuja mwezi wa sita, tutalimaliza tukitazamana.

Mdogo wako

*

Tarehe 26 Machi

Mdogo wangu,

Hatujambo.

Sikumwomba ruhusa. Nilibonyeza, nikakaa sakafuni. Maneno ya baba mdogo yalipopita akasema, "Rudisha." Hilo ndilo neno la kwanza kuniambia tangu Jumapili. Nikarudisha mara nne.

Mara ya tano akanizuia. Aliiacha hotuba iendelee, akainuka kwa kushikilia kochi, akaifuata sauti ya baba hadi kwenye spika ya katikati. Akasimama mbele yake, akaanza. Bawaba ya geti. Viatu alivyokuwa anaviacha njiani. Kumtwisha mtoto mzigo ule peke yake, hilo alilirudia mara mbili. Alimgombeza hadi hotuba ikaisha, watu wakapiga makofi pande zote za sebule, naye bado anasema.

Kisha akanyoosha kiganja upande wangu, akauliza kidonge gani kinaanza.

Dada yako