Mpangaji wa Chumba cha Stoo

Dada yangu mpendwa,

Sisi wanawake wanne wa nyumba hii tuko salama. Jiko ni moja, na ugomvi ni ule ule wa nani kaacha sabuni majini. Kuku wa nesi ameamua kutagia kwenye kikapu cha nguo zangu.

Halafu, shemeji yako amerudi.

Alikuja na begi, akitaka kupitiliza hadi chumbani kwangu. Mwenzetu fundi cherehani akamkalisha kwenye benchi, akamwambia hapa hapokelewi mtu mpaka nyumba nzima ikubali.

"Unajua kufanya nini?"

"Mimi ni mume wake."

"Hiyo si kazi. Nimekuuliza unajua kufanya nini."

Akafikiri weee, mwisho akasema anajua kuzibua karo. Dada, karo letu lilikuwa limeziba. Wenzangu wakanyoosha mikono kabla sijafungua mdomo. Nikashindwa kwa kura juu ya mume wangu mwenyewe.

Amepewa chumba cha stoo na zamu ya maharage. Juzi aliyaunguza, jana akarudishwa jikoni mpaka ajue.

Utaniuliza kama nimemsamehe. Sijui. Hivi ninavyoandika anagonga mlango wangu. Miaka yote ya ndoa mtu yule hakuwahi kugonga. Alikuwa akiingia tu, na siku ile aliponiacha akatoka vile vile. Nimemwambia asubiri nimalize barua. Namsikia anakohoa huko nje, wala haondoki.

Nisalimie watoto. Naandika polepole.

Mdogo wako